Mkopo wa laki sita ambao hatukuutoa: kisa cha mama lishe na mimba ya miezi mitano

Alikuja kwenye kikao cha Jumapili, tarehe 28 Aprili 2024, akiwa na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Alikuwa mwanachama wetu wa mwaka wa pili, anauza chakula karibu na kituo cha daladala huku Mbagala, na mimba yake ya kwanza ilikuwa na miezi mitano. Mimi ni katibu wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana. Kabla ya ombi lolote la mkopo kufika mbele ya wanachama, linapita kwangu, nami humwomba mkopaji anieleze pesa inaenda wapi.

Karatasi yake ilijieleza yenyewe. Kitanda cha mtoto, Sh 180,000. Kigari, Sh 120,000. Beseni na vyombo vyake vyote vya rangi moja. Nguo dazeni mbili, koti, viatu. Pampas katoni moja. Chandarua. Dawa za kuongeza damu. Chini kabisa, kwa mwandiko wa mumewe, "kamera, picha za mtoto". Jumla ilifika Sh 600,000. Hisa zake zilikuwa 42 za Sh 5,000, yaani Sh 210,000, na kwa katiba yetu mtu hukopa hadi mara tatu ya hisa zake. Kwa kanuni, alistahili. Riba yetu ni asilimia 10, marejesho ni ndani ya miezi mitatu.

Nilimwambia, "Mdogo wangu, hii karatasi niachie hadi kesho. Kesho nakuja jikoni kwako tuhesabu pamoja."

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu mwenyewe ameniruhusu, mradi nisitaje jina, na kwa sababu karatasi kama ile nimeletewa mara nyingi. Karibu zote zina kosa lilelile. Zinaorodhesha vitu, wakati kinachoiangusha nyumba ya aina hii mtoto anapozaliwa ni siku: siku ambazo mama hafanyi kazi.

Hesabu ya jikoni

Kesho yake nilikaa kwenye benchi lake kuanzia saa nane mchana, makonda wakishamaliza kula. Tulitumia mgongo wa ile ile karatasi. Baada ya kutoa mchele, maharage, samaki, mafuta, mkaa, maji na ushuru, alikuwa anabaki na wastani wa Sh 13,000 kwa siku, siku sita kwa wiki. Mumewe anaendesha bodaboda ya mkataba: kila siku anapeleka hesabu ya Sh 10,000 kwa mwenye pikipiki, na akishaweka mafuta anabaki na kama Sh 7,000. Kwa siku 26 za mwezi, mke huingiza Sh 338,000 na mume Sh 182,000. Thuluthi mbili ya pesa ya nyumba ile, au pungufu kidogo, ilikuwa inatoka kwenye sufuria zake.

Hakuwahi kuiona hivyo. Aliiangalia ile hesabu kimya kwa muda, kisha akasema, "Kumbe mimi ndiye ninayelipa kodi."

Mwanamke aliyeajiriwa Tanzania ana likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Hiyo ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mama lishe hana mwajiri, kwa hiyo likizo yake lazima ajilipe mwenyewe. Tukapiga hesabu ya likizo ndogo kabisa: wiki mbili kabla ya kujifungua, halafu arobaini. Siku za kazi zinazopotea humo ni kama 46. Mara Sh 13,000, ni Sh 598,000.

Ilikuwa karibu sawasawa na mkopo aliouomba. Angetumia laki sita kununua vitu, azirudishe Sh 660,000 hadi mwisho wa Julai, yaani Sh 220,000 kila mwezi kutoka kwenye pato la Sh 520,000, kisha Agosti ingemkuta mikono mitupu huku laki sita nyingine zikipotea kwa kukaa nyumbani tu.

Na kulikuwa na mambo mawili ambayo hayakuwa kwenye karatasi yoyote. La kwanza ni kodi. Walikuwa wamelipa Machi, miezi sita kwa Sh 70,000, kwa hiyo Sh 420,000 nyingine zilikuwa zinadaiwa tarehe 1 Septemba. Kliniki ilikuwa imemwandikia kujifungua mwishoni mwa Agosti. Mimba na kodi zilikuwa zinakwenda kukutana wiki moja. La pili lilinishtua hata mimi: wao wawili hula kutoka kwenye sufuria ile ile ya biashara. Jiko likizimwa, si faida tu inayokatika. Chakula cha nyumbani nacho kinaanza kununuliwa.

Kuikata karatasi

Baadhi ya vitu vilijikata vyenyewe. Chandarua chenye dawa mjamzito hupewa kliniki bila malipo, na chake kilikuwa kimekunjwa juu ya kabati, bado kwenye mfuko. Vidonge vya kuongeza damu hali kadhalika. Alikuwa ameviandika kwa sababu duka la dawa lilimwambia vya kulipia ni bora zaidi. Kitanda tulikiondoa kwa kuwa mtoto mchanga wa chumba kimoja na sebule hulala karibu na mama yake, ndani ya chandarua hicho hicho. Kigari kilikufa kwa swali moja: mtaa wetu ni mchanga mtupu, gurudumu dogo litapita wapi? Kamera niliiacha iamuliwe na wenyewe, wakaifuta.

Nguo zilikuwa na mgogoro wake. Mama yake, aliyeko Kilwa, alisema kwa simu kwamba mtoto hanunuliwi nguo angali tumboni. Wengi mjini hukicheka kitu kama hiki, mimi sikicheki. Anayesema hivyo mara nyingi amewahi kukunja nguo za mtoto ambaye hakuzivaa. Lakini kungoja kuna bei: nguo zinazonunuliwa na mume mwenye haraka, siku ya kujifungua, dukani karibu na hospitali, ni ghali kuliko zote. Tulipata njia ya kati. Tulikwenda Karume, pale Ilala, asubuhi wanapofungua marobota, tukachagua nguo za mtumba. Nguo za mtoto mchanga ndizo mtumba ulio bora kuliko wote, maana mtoto wa kwanza huwa hakuzivaa hata miezi miwili. Nilizichemsha, nikazipiga pasi, nikazihifadhi kwangu. Nyumba yao haikuwa na nguo ya mtoto hadi mtoto alipokuja. Pamoja na beseni moja, shuka na kanga doti mbili, ilikuwa Sh 62,000.

Kuhusu pampas tulibishana na shemeji yetu. Yeye aliona nepi za kitambaa ni aibu kwa mtoto wake wa kwanza, na sikumlaumu. Kijana anayeamka saa 10 alfajiri anatamani mtoto wake avae kama wa wengine. Nikamwomba ahesabu mwenyewe. Mtoto mchanga hubadilishwa kama mara nane kwa siku. Mtaani pampas ya kuuziwa moja moja ni Sh 500, kwa hiyo Sh 4,000 kwa siku, Sh 120,000 kwa mwezi. Shuka mbili kuukuu na kanga iliyolainika zilitoa nepi 24. Gharama yake ni ndoo tatu za maji za ziada na sabuni, jumla kama Sh 600 kwa siku. Tukakubaliana nepi mchana, pampas moja usiku. Lakini nataka nilitie uzito jambo hili: nepi ni rahisi pale tu palipo na mikono ya kufua na jua la kuanikia. Mtoto wa Agosti ana jua. Mtoto wa masika, nepi zinakaa kwenye kamba siku mbili zikinuka, na hapo sitamwambia mtu asinunue pampas.

Kibubu na waya

Mkopo tukauacha, tukapanga akiba. Mpango ulikuwa mwepesi: mke Sh 3,000 kila siku, mume Sh 2,000. Hisa alizipunguza hadi moja kwa wiki ili asitoke kwenye kikoba. Hatukuweza kuziweka zile Sh 5,000 kwenye hisa kwa sababu hisa hazitoki mpaka tuvunje kikoba, yaani tugawane pesa, Desemba, na mtoto hangesubiri Desemba. Wakanunua kibubu cha bati, wakakiweka chini ya kitanda.

Wiki ya kwanza ilipigwa na Kimbunga Hidaya. Mvua ile ya mwanzoni mwa Mei ilizima jiko siku tatu. Wiki mbili zilizofuata walijitahidi, na kwa hesabu yao kibubu kilipaswa kuwa na Sh 75,000. Jumapili tarehe 19 Mei alikuja kwangu macho mekundu. Alikuwa amekitikisa kibubu akakisikia chepesi. Walikikata, ndani mkawa na Sh 41,000.

Mumewe alikuja jioni peke yake, kofia ya pikipiki mkononi.

"Shikamoo, Mama Katibu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. Alisema alizitoa kwa waya uliopindwa ncha, noti moja moja, tairi la nyuma lilipoisha. Mwenye pikipiki alisema tairi ni juu ya dereva. "Nilikuwa nizirudishe Ijumaa. Ijumaa ikaja mvua."

Sikumwona mwizi. Nilimwona mtu aliyepeleka hesabu Sh 10,000 siku ambayo hakupata hata Sh 10,000. Kibubu kilichoko chini ya kitanda kiko karibu mno na shida za kila siku, na katika kisa hiki hilo lilikuwa kosa la mpango, nami ndiye niliyeupanga. Nilimwambia hivyo mbele ya mkewe.

Tulichofanya baadaye ndicho ninachojivunia. Mke alisajili laini ya pili ya simu kwa jina lake. Kuweka pesa kwa wakala hakukatwi kitu, na yeyote mwenye namba anaweza kuweka. Kadi yenyewe ya simu tuliibandika kwa selotepu kwenye jalada la nyuma la daftari la kikoba, na daftari hulala ndani ya sanduku letu la chuma lenye kufuli tatu. Wanaoshika funguo ni wanawake watatu wa nyumba tatu tofauti, na sanduku hufunguliwa Jumapili tu, wote watatu wakiwepo. Pesa ikawa inaingia siku yoyote, lakini kutoka ni Jumapili, mbele za watu. Kila kikao tuliiweka kadi kwenye simu yake, akaangalia salio, tukairudisha. Kwa dharura ya usiku alibaki na Sh 50,000 taslimu alizotengewa na mama mkwe, zimeshonewa kwenye mkoba wa kwenda hospitali. Hazikuguswa, zikarudi kwa mwenyewe.

Kwa wiki 13 kuanzia hapo wangeweza kuweka Sh 390,000. Waliweka Sh 352,000. Pamoja na zile 41,000 za kibubu, Sh 393,000.

Jiko lisizimwe

Ingawa laini ile ndiyo inayosimuliwa sana kikobani, mimi naamini nyumba ile iliokolewa na wifi. Mdogo wa mume, msichana wa miaka 20, aliitwa kutoka Kilwa mwishoni mwa Julai, wiki mbili kabla mke hajapumzika. Wiki mbili hizo alisimama naye jikoni: nani hula bila pilipili, konda yupi hulipa jioni na yupi haaminiki, maharage yanaungwa saa ngapi. Alipoachiwa jiko peke yake hakuweza chapati wala samaki, akabaki na wali maharage na chai. Faida ilishuka hadi Sh 6,000, naye akawa anachukua Sh 2,000 kwa siku. Zilizobaki ni Sh 4,000 tu, lakini wateja hawakuhama, na nyumba iliendelea kula.

Mwezi huo huo wa Julai niliwashauri waende kwa mama mwenye nyumba, miezi miwili kabla ya kodi kuiva. Mdaiwa anayekuja kabla ya deni husikilizwa tofauti na anayekuja baada yake. Walikwenda wote wawili, tumbo likiwa mbele, wakamwomba alipwe miezi mitatu badala ya sita. Akakubali. Miezi mitatu kutoka Septemba inaishia Novemba, na kodi inayofuata ni ya tarehe 1 Desemba, wiki ileile tunayovunja kikoba. Hiyo haikuwa bahati. Tuliichagua kwenye kalenda.

Usiku wa Agosti

Uchungu ulianza usiku wa Alhamisi, tarehe 22 Agosti. Sera ya nchi inasema huduma ya uzazi kwenye vituo vya umma ni bure, na bado kila mama wa mtaani anajua atakwenda na glavu, pamba, mpira wa kutandika na vibanio vya kitovu. Vyake tulishavinunua kwa Sh 38,000. Alfajiri njia ikagoma kufunguka, mapigo ya mtoto yakashuka, wauguzi wa kituo wakaamua apelekwe hospitali kubwa. Hapo ndipo ile namba 115 ya m-mama ilipofanya kazi yake. Ni huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, kupiga ni bure na kusafirishwa ni bure. Teksi ya saa hizo ingemeza hesabu ya siku kadhaa.

Alifanyiwa upasuaji. Mtoto wa kike, mzima. Dawa na vifaa walivyoambiwa wanunue nje vilifika Sh 85,000.

Salio lililowasubiri, baada ya vifaa na nguo, lilikuwa Sh 293,000. Likitolewa la hospitali, Sh 208,000. Mfuko wa jamii wa kikoba humpa mzazi Sh 50,000. Kisha wanachama 22 waliobaki walikubali ombi langu: badala ya kila mmoja kwenda kumtazama mzazi na kanga na kinguo cha saizi ileile, kila mmoja atoe Sh 5,000. Wawili walinung'unika kwamba kwenda mikono mitupu si ustaarabu, nikawaambia wabebe sabuni. Ikapatikana Sh 110,000. Kodi ya miezi mitatu ikala Sh 210,000. Chakula cha mzazi, yaani uji wa pilipili manga asubuhi na supu jioni, Sh 3,000 kwa siku arobaini, kikala Sh 120,000. Wakabaki na Sh 38,000.

Na mume alikuwa amekaa hospitali siku nne bila kuendesha. Mwenye pikipiki alidai hesabu zake zote, Sh 40,000. Walipungukiwa Sh 2,000.

Mpango wote, tangu Aprili, ulikosea kwa shilingi elfu mbili, na bado nasema ulikuwa na tundu kubwa. Nilipanga arobaini. Sikupanga mshono. Mama aliyepasuliwa hanyanyui sufuria ya kilo 10 ya wali baada ya siku 40. Alirudi kukaa jikoni mwanzoni mwa Novemba, kupokea pesa na kukatakata, na hadi Desemba ndipo aliponyanyua. Wifi, aliyekuja kwa miezi miwili, alikaa mitano. Angekuwa hana wifi, au wifi angekuwa na mtoto wake, sijui ningesema nini leo. Nepi nazo zilifuliwa na bibi kutoka Kilwa. Yule aliyekataza nguo ndiye aliyezianika. Siku hizi nikikaa na mjamzito tunaandika miezi mitatu, na mstari wa kwanza ni jina la atakayeshika jiko.

Akika, ile sadaka ya kuchinjia mtoto, waliichelewesha. Shemeji alikuwa na wasiwasi, akaenda kumuuliza imamu wa msikiti wa mtaani, akaambiwa ni sunna, asikope kwa ajili yake. Maziwa ya kopo hayakununuliwa hata mara moja. Mtoto alinyonya tu miezi sita, na bibi alipotaka kumpa maji ya vuguvugu, mama alimfungulia kadi ya kliniki akamsomea.

Tulivunja kikoba Jumapili ya kwanza ya Desemba. Hisa zake pamoja na faida zilikuwa Sh 371,000. Alitoka hapo moja kwa moja na kodi, Sh 210,000. Jumamosi iliyofuata walichinja mbuzi wa Sh 130,000, tukala pilau kwenye mkeka, mtoto akiwa na miezi mitatu na nusu, anacheka na kila mtu.

Siku tulipogawana pesa nilibandua ile kadi kwenye jalada la daftari nikampa. Aliigeuza mkononi, akamuuliza mumewe kwa macho, akanirudishia. Mkataba wa pikipiki unaisha mwaka unaofuata, alisema, na tairi la nyuma limeanza tena kuisha. Sasa jalada lile lina kadi tatu, mbili ni za wajawazito.